Kateleza kidogo tu, niripoti?

Maswali yenu ya matembezi ya kikundi yamekuwa mengi, nimechukua manne.

Mwenzetu kateleza kule maporomoko ya Materuni, kifundo kikavimba ila jioni akawa anacheza mziki. Kuna haja ya kuandika?

Ipo. Andika siku hiyohiyo hata kwenye simu, maana kesho kila mtu ana stori yake. "Jamaa kateleza" haisaidii. Andika saa 8 na robo mchana, tunashuka, jiwe limelowa, raba zake zimeisha soli, tukamfunga bandeji, akatembea mwenyewe. Hapo safari ijayo mtu ataangalia viatu kabla watu hawajapanda gari.

Tulitoka korongoni Hell's Gate, Naivasha, muda mfupi tu maji yakajaa. Hakuna aliyeumia, niripoti nini sasa?

Hiyo ndo ya kuripoti kuliko zote! Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa humohumo, na Septemba 2019 maji yakaua tena. Mvua inanyesha mbali huko juu, nyie chini pengine hamjaona hata tone. Mwambieni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla hamjaondoka, mtajieni na saa, maana saa hiyo kuna wengine wako getini wanalipia.

Kambi ya Horombo, Kilimanjaro, rafiki yangu aliumwa kichwa, akaniomba nisimwambie mwongozaji wetu asije akashushwa. Nilikosea kunyamaza?

Ulikosea, na mimi niliwahi kukosea hivyohivyo, usiku mzima sikulala namsikiliza mtu anavyohema. Horombo ni mita 3,720, kichwa kugonga kidogo ni kawaida, ila mwongozaji ndo apime sio wewe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au anaongea vitu havieleweki hasubiriwi kukuche, anashushwa usiku huohuo. Na mseme kameza dawa gani saa ngapi, kuna watu wanabugia panadol kimyakimya afu mwongozaji anaona mzima kabisa. Urafiki mtautengeneza Moshi.

Kiongozi wetu anasema tukiripoti tutamharibia jina.

Andika kilichotokea, "mzembe" liache. "Baada ya mapumziko hatukuhesabiwa, wawili wakabaki nyuma" inatosha. Mpe asome kwanza, akigoma mpelekee aliyeandaa safari au ofisi ya hifadhi. Ila picha za majeruhi jamani zisiende status kabla mama yake hajapigiwa simu.