Mboga, viungo na mbegu za kiume: ninachowajibu wanaoniuliza

Jamaa hapa Wete wanaojua kwamba mimi na mke wangu tulikaa miaka kadhaa bila kujaaliwa mtoto, na kwamba sasa tunaye, huniuliza kwa sauti ya chini nilikunywa dawa gani. Wengi hutaraji nitaje unga wa mizizi au chupa ya mafuta fulani. Jibu langu huwavunja moyo, kwa sababu nilianza kwa kupima manii, kisha nikabadilisha chakula na kuacha sigara.

Kipimo changu kilionyesha kwamba mbegu zipo za kutosha lakini mwendo wake ni dhaifu, na daktari akanieleza sababu inayowezekana kwa maneno ambayo sijayasahau. Mbegu ya kiume imezungukwa na utando wenye mafuta laini mengi, na mafuta hayo huharibika upesi yanaposhambuliwa na radikali huru, yaani chembe kali zinazoharibu seli, ambazo mwili huzizalisha kila siku lakini huzidi kutokana na sigara, maambukizo, au mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani. Seli nyingine zina akiba kubwa ya vimeng'enya vya kujikinga, ilhali mbegu, kwa udogo wake, haina pa kuiweka akiba hiyo, na hivyo hutegemea zaidi antioksidanti, yaani kemikali zinazozima radikali hizo, zilizomo katika majimaji ya manii. Kinga hiyo ikipungua, mkia hulegea na hata vinasaba vilivyomo kichwani mwa mbegu huweza kukatika.

Sehemu ya kinga hiyo hutoka katika mimea tunayokula, na hapa visiwani hatuna uhaba wake. Nyanya zina likopini, antioksidanti inayozipa rangi nyekundu, ambayo mwili huipata vizuri zaidi nyanya zikipikwa kwa mafuta kuliko zikiliwa mbichi katika kachumbari. Kwetu huachwa jikoni mpaka zirojeke na mafuta yajitenge juu, ndipo litiwe tui. Mchicha, matembele na kisamvu vina karotini, antioksidanti nyingine, nayo pia huhitaji mafuta ili ifyonzwe, kwa hiyo mboga ya nazi ya bibi zetu ilikuwa na hekima ndani yake. Mapera na machungwa ni afadhali yaliwe mabichi, kwa kuwa vitamini C huharibiwa na moto. Karanga nazo hutoa vitamini E, ambayo kazi yake hasa ni kulinda mafuta ya utando.

Sisi Wapemba tukisikia habari hizi hukimbilia karafuu, na ni kweli kwamba yujenoli iliyomo ndani yake ni antioksidanti yenye nguvu sana inapopimwa maabara. Hata hivyo, katika majaribio ya panya, dondoo la karafuu kwa kiasi kidogo liliongeza homoni ya kiume, na kwa kiasi kikubwa likadhoofisha kazi ya korodani. Karafuu za pilau na chai hazina tatizo. Mafuta yake yaliyokamuliwa kiwandani siyo kitu cha kunywa. Habbasoda ina ushahidi wa kutia moyo kidogo: nchini Iran, katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2014, wanaume wenye tatizo la uzazi waliotumia mililita 5 za mafuta yake kwa siku kwa miezi 2 walipata nafuu katika idadi na mwendo wa mbegu. Ni jaribio moja, na mimi nisingelijengea nyumba.

Wala si kila kitokacho kwenye mmea ni kinga. Dondoo la mbegu za papai limewahi kuzuia uzalishaji wa mbegu kwa nyani wa maabara, na gosipoli ya mbegu za pamba ilijaribiwa nchini China kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume, ikaachwa kwa sababu baadhi yao hawakurejea hali yao ya awali. Unga unaouzwa kwa jina la nguvu za kiume nao ni habari nyingine kabisa, kwani mtu anaweza kuwa na nguvu tele chumbani na mbegu zake zisiogelee.

Vidonge vya antioksidanti navyo sivipigii debe. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani ambamo wanaume wenye tatizo walipewa vitamini C, vitamini E, likopini na vinginevyo kwa miezi 3, na mwendo na vinasaba vya mbegu zao havikuwa bora kuliko vya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Isitoshe, mbegu huhitaji radikali huru kidogo ili iweze kulirutubisha yai.

Kipimo changu cha pili kilikuwa kizuri zaidi, ingawa siwezi kukata kauli kama ni mchicha au ni sigara niliyoiacha. Ukibadilisha chakula, subiri miezi 3 kabla ya kupima tena, kwa kuwa mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kisha hukaa siku kadhaa njiani. Daktari akikuta mishipa imevimba, fuata matibabu yake, kwani mboga haziondoi uvimbe huo. Jizuie siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo, na kama sampuli unaitoa nyumbani, ifikishe maabara ndani ya saa moja ukiwa umeiweka karibu na mwili, si kwenye barafu.