Ekzosi ya gari la michezo: nguvu tafuta mbele, sauti tafuta nyuma

Mkuu, umeuliza kama ukikata sailensa ya nyuma na kunyoosha bomba la inchi 3 hadi mwisho, gari lako la lita 2 lisilo na turbo litapata sauti na nguvu kwa mpigo. Umeuliza pia kama ni kweli injini "inahitaji presha ya nyuma". Kwa kifupi, sauti utaipata, tena pengine kuliko ulivyoitaka. Nguvu, sahau. Nasema hivi kwa sababu gari langu ni la mpangilio huohuo, silinda 4 na turbo halina, na ekzosi yake nimeibadilisha kipande kwa kipande huku nikipima kabla na baada.

Tuanze na hiyo presha ya nyuma, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Hakuna injini inayofaidika kwa kusukuma moshi dhidi ya kizuizi. Inachotaka ni moshi uende kasi na mawimbi yarudi kwa wakati wake. Valvu ya kutolea moshi ikifunguka, wimbi la presha linakimbia ndani ya bomba. Likifika mahali ambapo mabomba yanaungana au kupanuka, sehemu yake inarudi nyuma ikiwa wimbi la mvuto. Kama wimbi hilo litaifikia valvu wakati ile ya kuingizia hewa nayo imeanza kufunguka, litafyonza moshi uliobaki kwenye silinda na kusaidia kuvuta hewa mpya. Urefu wa bomba ndio unaoamua jambo hilo litokee injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi. Sasa weka bomba pana kupita kiasi: moshi unapunguza mwendo, unapoa, na ule msaada wa kwenye mizunguko ya chini unapungua. Dereva anahisi gari limelegea, anasema limekosa presha. Kilichopungua ni kasi.

Bomba lako la inchi 3, yaani milimita 76, lina njia kubwa kwa takriban asilimia 43 kuliko la milimita 63.5, ambalo ni inchi 2 na nusu. Kwa lita 2 inayovuta hewa yenyewe, 63.5 inatosha na kubaki. Kilicho muhimu zaidi ni mikunjo: bomba likunjwe kwa mashine inayolinda upana wake wa ndani. Bomba la inchi 3 lililobonyea kwenye kila kona linakubana kuliko dogo lililokunjwa vizuri.

Nguvu ya kweli kwa injini kama yetu iko mbele, kwenye heda, yaani seti ya mabomba yanayopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye silinda. Kuna mpangilio wa 4-2-1, ambapo mabomba manne yanakuwa mawili kisha moja, na kuna wa 4-1, ambapo yote manne yanakutana mahali pamoja. Ule wa kwanza kwa kawaida hukupa msukumo mpana katikati. Wa pili hupendelea juu kabisa, kwa mtu anayeishi karibu na mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko. Kwa mfuatano wa silinda kupiga wa 1-3-4-2 ulio kwenye injini nyingi za silinda 4, kwenye 4-2-1 bomba la 1 linaunganishwa na la 4, na la 2 na la 3, ili pigo moja lisimkanyage mwenzake. Kama heda unayouziwa haina mpangilio huo, muulize muuzaji sababu.

Kwenye gari langu, kubadilisha kila kitu baada ya masega (kile kichujio cha kusafisha moshi) kulileta ongezeko dogo kiasi kwamba huwezi kulitofautisha na kuyumba kwa kipimo chenyewe. Heda pamoja na kupangwa upya kwa programu ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) ndivyo vilivyosogeza mstari wa toki, yaani nguvu ya msokoto, hasa katikati. Kwa hiyo ukienda kupima, pima kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) ileile, siku ileile, tairi zina upepo uleule na injini ina joto lilelile. Karatasi mbili za daino mbili tofauti hazithibitishi kitu zaidi ya kwamba umelipa mara mbili.

Kwa wenye turbo mnaopita hapa, hesabu yenu ni nyingine. Baada ya turbo hakuna wimbi la kulinda, kwa hiyo bomba pana linalotoka kwenye turbo ni faida ya wazi na turbo inaamka mapema. Lakini chungeni: moshi ukipita kwa urahisi mno, mlango wa kupunguzia presha wa turbo unaweza kushindwa kuutoa wote, na presha ikaendelea kupanda kupita ile iliyopangwa. Msifunge bomba hilo bila kupanga programu na bila geji ya presha.

Sasa sauti, ambako ndiko kwenye mambo. Kitu kitakachokufanya uichukie ekzosi yako ni ule mvumo mzito ndani ya gari ukiwa kwenye mwendo wa safari, unaokaa kichwani kama nyuki aliyeingia kwenye debe. Mvumo huo una hesabu yake. Injini ya silinda 4 inapiga mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo gawa mizunguko ya dakika kwa 30 upate hezi: 3000 inakupa hezi 100. Silinda 6, gawa kwa 20. Silinda 8, kwa 15. Masafa hayo yakigongana na masafa ambayo bodi ya gari yenyewe hupenda kutetemeka, umekwisha. Sponji chini ya zulia haisaidii sana, maana sauti nzito hupita.

Dawa ninayoiamini ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho, linalochipuka kutoka bomba kuu. Wimbi linaingia, linagonga kizibo, linarudi likiwa limechelewa nusu ya urefu wake na kukutana na mwenzake kinyumenyume, yanafutana. Urefu wa tawi hilo ni kasi ya sauti gawa kwa mara nne ya masafa. Kasi ya sauti kwenye hewa ya kawaida ni kama mita 343 kwa sekunde, lakini ndani ya tawi lenye nyuzi joto kama 150 inakaribia 412. Gawa kwa 400 upate mita 1 na kidogo kwa hezi 100. Mimi nilipima mvumo kwa programu ya simu inayoonyesha masafa, fundi akatengeneza tawi lenye kizibo kinachosogezwa, tukaendesha, tukasogeza, tukaendesha tena, ndipo akachomelea. Injini ikinguruma kwa nguvu sauti ipo. Kwenye mwendo wa kawaida naongea na abiria bila kupaza. Tatizo lake ni nafasi: mita nzima chini ya gari dogo inabidi uikunje mara kadhaa.

Sailensa nazo si kitu kimoja. Ile ya bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo au ya chuma hunyonya zaidi sauti kali za juu na moshi unapita bila kona. Ile ya vyumba hurudisha mawimbi yajipige yenyewe, inafanya kazi nzuri kwa sauti nzito, lakini moshi unazungushwa. Ndiyo maana ukitoa rezoneta ya katikati, ile sailensa ndogo iliyo kabla ya ya nyuma, kitu cha kwanza kusikia ni mkwaruzo ule wa bati, hasa ukipiga resi hadi juu. Mimi ningebakiza rezoneta na kubadilisha sailensa ya nyuma peke yake, kinyume kabisa na wanavyofanya wengi. Pamba nayo huungua taratibu, kwa hiyo sauti unayoipenda leo itakuwa kubwa zaidi baadaye. Anza chini kidogo ya unachotaka. Kumbuka desibeli 10 zaidi, sikio hulipokea kama kelele iliyokuwa maradufu.

Na usitegemee bomba likupe tabia ambayo krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haina. Ule mdundo wa V8 ya Marekani unatoka kwenye krenki ya msalaba, ambayo haipishanishi mapigo sawasawa kati ya pande mbili za injini. V8 za Ferrari zenye krenki bapa hupishanisha kushoto na kulia, ndiyo maana hulia juu. Ule mgugumio wa Subaru za zamani ulitokana na mabomba ya heda kutolingana urefu. Weka yaliyolingana, unatoweka. Silinda 4 yako ya mstari itasikika kama silinda 4 nzuri, na hilo halina aibu.

Masega yaache. Sheria za nchi nyingi zinakataza kuyatoa, harufu inakufuata kila unaposimama, sensa ya oksijeni iliyo nyuma yake itaanza kuwasha taa ya injini kwa msimbo wa kosa P0420, na mkwaruzo unazidi. Ukiona yanabana, yapo yenye matundu 200 kwa inchi ya mraba badala ya 400 au 600. Uvujaji kabla ya sensa ya mbele ni adui mwingine: hewa ya nje inafyonzwa ndani, sensa inadhani mafuta ni machache, kontroli boksi inaongeza, nawe unalaumu ulaji wa gari. Uvujaji chini ya sakafu ni hatari zaidi, kwani kaboni monoksidi haina harufu. Washa injini ikiwa bado ya baridi, mwenzako azibe ncha kwa kitambaa kinene huku wewe ukisikiliza na kupaka maji ya sabuni kwenye flanji, zile sahani za kuungia mabomba.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: chuma cha pua cha 304 hutanuka. Bomba la mita 3 likipanda nyuzi 400 linarefuka takriban sentimita 2. Pasipo kipande kinachonyumbulika na raba zenye nafasi, ufa utatokea kwenye kiungio, na ncha itagusa bampa na kuiyeyusha. Mwambie fundi ajaze gesi ya agoni ndani ya bomba wakati anachomelea, la sivyo upande wa ndani unaungua na kukwaruza kama sukari.

Ulimalizia kwa kuuliza kuhusu ncha mbili au nne, za duara au za mviringo uliobanwa. Weka unayopenda, mradi isiguse bampa na moshi utoke nje kabisa ya bodi. Kwa nguvu haina mchango, na kwa sauti ni kidogo sana.