Maswali ya Wasomaji: Waturuki Walipokuja Kuwaondoa Wareno

SWALI: Assalaam aleykum, Mhariri. Babu yangu husimulia kwamba Waturuki waliwahi kuja mwambao wetu kuwafukuza Wareno, wakashindwa Mombasa. Je, ni kweli? Na Lamu ilihusikaje?
Msomaji, Lamu

JIBU: Wa aleykum salaam, ndugu msomaji. Babu yako amesema kweli, na Lamu ilihusika kuliko wengi wanavyodhani. Kiongozi wa Waturuki hao alikuwa Mir Ali Bey, aliyefika mara ya kwanza kati ya 1585 na 1586 akiwa na merikebu moja tu ya makasia. Miji mingi ilimpokea kwa furaha, kwa kuwa ilikwisha kuchoshwa na maonevu ya Wareno, na hapa Lamu akakabidhiwa kapteni Mreno, Roque de Brito. Mwaka 1587 Wareno wakalipiza kisasi Faza, mji wa kisiwa cha Pate, wakaua watu, wakateketeza mji, wakakata hata minazi.

Ali Bey aliporudi na merikebu tano, Malindi ilibaki upande wa Wareno. Alijaribu kuipiga usiku, mizinga ikamjibu kutoka ufuoni, akaendelea hadi Mombasa. Kwa maoni yangu, mambo yalianza kumharibikia hapo Malindi, maana habari zake zilikwisha kupelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India.

Mombasa alijenga boma, akaelekeza mizinga baharini. Lakini ng'ambo ya kivuko walikuwa wamepiga kambi Wazimba, wapiganaji waliokwisha kuiangamiza Kilwa, hata ikambidi aweke baadhi ya merikebu zake kivukoni ili kuwazuia. Tarehe 5 Machi 1589 akatokea Tomé de Sousa Coutinho na vyombo vipatavyo 20 na watu wapatao 900, na merikebu za Waturuki zikatekwa. Kisha Wazimba wakavuka. Watu wakakimbilia baharini, wengi wakafa maji, na Mir Ali Bey mwenyewe akajitosa kuzifuata mashua za Wareno, akiona heri kutekwa nao kuliko kuangukia mikononi mwa Wazimba. Alipelekwa Goa, kisha Lisbon.



Lamu nayo haikusamehewa. Walipotoka Mombasa, Wareno walimkamata mfalme wetu, wakamkata kichwa hadharani huko Pate, kwa kosa la kumtoa Roque de Brito.