Jibu kwa mleta uzi: baruapepe za kazini hazijibiwi, ripoti zinarudishwa

Mleta uzi ameuliza mambo mawili: kwa nini baruapepe anazotuma kazini hazijibiwi, na kwa nini mkuu wake anamrudishia ripoti akisema "haieleweki" wakati sarufi iko safi. Waliotangulia wamemshauri asome zaidi vitabu vya lugha. Mimi naona tatizo haliko kwenye lugha. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupitia maandishi ya wenzangu kabla hayajapanda kwa wakubwa, na ninayekutana naye karibu kila siku ni mtu aliyeanza kuandika kabla hajajua anataka msomaji afanye nini.

Mkuu, kabla hujagusa kibodi jiulize nani atasoma, na akishasoma afanye nini. Asaini? Achague? Ajue tu? Jibu hilo ndilo sentensi yako ya kwanza. Salamu ibaki, ni heshima, ila ombi lisisubiri aya ya nne.

Chukua baruapepe kama hii, yenye mada "Mashine": "Rejea mazungumzo yetu ya wiki iliyopita. Kama unavyofahamu, mashine ya kuchapa imesumbua kwa muda mrefu na fundi ameshafika mara kadhaa. Naomba mwongozo wako." Mwongozo upi? Anayeipokea ana nyingine kibao za kusoma, ataiweka kando. Sasa ibadilishe mada iwe "Ombi la kuidhinisha matengenezo ya mashine ya kuchapa kabla ya Alhamisi", kisha: "Habari za kazi. Naomba uidhinishe matengenezo haya kabla ya Alhamisi, kwa kuwa ripoti za robo mwaka zinachapwa Ijumaa. Makadirio ya fundi nimeambatisha. Ukiona yasubiri, nijulishe nitafute pengine pa kuchapia." Hapo anaweza kukujibu "sawa" akiwa anatembea.

Na usiwapelekee watu wanane ombi moja. Kila mmoja atadhani mwenzake amejibu. Mtaje mtendaji kwa jina, wengine wape nakala.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kikirejea duniani na watu wote 7 waliokuwemo wakafa. Wakati wa kuruka, kipande cha povu gumu la kukinga joto kilikuwa kimebanduka kwenye tangi la nje la mafuta na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliandaa slaidi za tathmini. Katika slaidi moja kichwa kilitia moyo, na habari kwamba kipande kile kilikuwa kikubwa mara mamia kuliko vile vya majaribio ikakaa chini kabisa. Tume ya uchunguzi ilisema ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi angeisoma slaidi ile asitambue kwamba inazungumzia hatari ya maisha. Habari ilikuwepo. Ilikaa mahali pabaya.

Kuhusu ripoti: rasimu ya kwanza iandike bila kusimama kusahihisha. Iache, hata kwa saa moja, ufanye kazi nyingine. Ukirudi, anza na mpangilio: kuna aya inayopaswa kupanda juu? Kuna inayoweza kufutwa yote? Halafu sentensi. Tahajia iwe mwisho, kwa sababu hakuna maana kung'arisha aya utakayoifuta. Isome kwa sauti. Unapokatika pumzi, sentensi ni ndefu. Majina, tarehe na tarakimu zihakiki peke yake, mara moja zaidi. Muhtasari unakaa mwanzoni mwa ripoti lakini uandike mwishoni, ukishajua umesema nini.

Aina za maandishi zisikutishe. Dokezo ni la ndani, jambo moja tu. Barua rasmi ni ya kwenda nje, au kwa mambo ambayo lazima yakae kwenye jalada: ajira, onyo, kujiuzulu. Ujumbe wa simu unafaa kwa "nimefika" na "kikao kimesogezwa". Mkikubaliana jambo kwa simu, tuma baruapepe fupi siku hiyohiyo ya kuthibitisha mlichokubaliana.

Kumbukumbu za kikao ndizo zinazonisumbua zaidi. Watu wanaandika "suala lilijadiliwa kwa kina" na kusonga mbele. Andika kilichoamuliwa, nani atekeleze, lini. Bila hayo, mkifika kwenye "yatokanayo" (kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita) katika kikao kijacho mtaanza kubishana upya nani aliambiwa nini. Na usingoje wiki ipite. Zisambaze watu wakiwa bado wanakumbuka, ili anayepinga apinge mapema.

Kama hutajali, weka hapa moja ya baruapepe zako zisizojibiwa, uondoe majina na jina la ofisi, tuipitie pamoja mstari kwa mstari.