Mdogo wangu unayetaka kupigana kwa kukaba, anza na kugonga

Mwezi huu vijana wanne watano wamenifuata pale Kibirizi, Kigoma, na swali lile lile, kaka nataka kupigana MMA (mapigano ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka) ila siyo ya ngumi, nataka staili ya kabali na kukunja mikono kama yule Mbrazil Charles Oliveira, nianzie wapi. Nimeona niandike hapa ili nikiulizwa tena nimtumie mtu asome. Jibu langu ni anza na kugonga, yani kumpigapiga mwenzio kofi kuonyesha umekubali kushindwa ili akuachie.

Kwanza nimefurahi kutoka moyoni, maana huku kwetu mwisho wa reli kabali watu wanaijua kama kitu cha vibaka, kupigwa roba usiku ukitoka Mwanga, basi. Ila ile ni elimu jamani. Royce Gracie mwaka 1993 kule Denver alishinda watu watatu usiku mmoja kwenye UFC (yale mashindano makubwa ya MMA ya Marekani) ya kwanza kabisa na wala hakua pande la mtu, afu mwaka uliofuata akalaliwa na mwanamieleka Dan Severn aliyemzidi zaidi ya kilo 30, akavumilia chini zaidi ya dakika 15 mpaka akamnasa shingo kwa miguu. Yani aliyeko chini ndo akashinda.

Sa mi nilivyoanza tulikua tunafanyia mchangani asubuhi, wenzetu wa dagaa wanaanika huku sisi tunabingirishana, na aliyetufundisha ni mzee mmoja wa judo kutoka upande wa Burundi. Wiki nzima ya kwanza hakutuonyesha kukaba mtu. Alitufundisha kugonga tu, unampiga mwenzio kofi mbili tatu mwilini akuachie, mikono ikibanwa unagonga na mguu, ikishindikana unapiga kelele. Tukaona mzee anatupotezea muda.

Mwaka wa pili nikanaswa kimura, yani kusokotwa mkono kwa nyuma mpaka bega libane, na dogo mwepesi kuliko mimi, mama wauza migebuka wamesimama wanaangalia, nikajiapiza sigongi hata iweje. Bega likalia. Miezi 7 siwezi kunyanyua hata ndoo ya maji na mi kazi yangu ilikua kubeba mizigo ya boti, so hakuna mazoezi hakuna hela, nakula kwa mama mtu mzima mimi. Na yule dogo aliumia roho kuliko mimi, aliacha mazoezi akijua kanivunja yeye, wakati kosa lilikua langu asilimia mia.

Hata wakubwa imewakuta. Nogueira, bingwa wa zamani, mwaka 2011 aligoma kugonga kimura ya Frank Mir, mkono ukavunjika pale pale. Angalia upande wa pili sasa, huyo huyo Oliveira mnayempenda, anayeongoza kwa kumaliza watu kwa kukaba na kukunja kwenye historia ya UFC, kaingia 2010 na mwaka huo huo Jim Miller akamkunja goti, akagonga. Mwaka 2016 kakabwa shingo mara mbili, na Pettis na Lamas, kagonga. Mkanda wa ubingwa kaupata Mei 2021. Hesabu hiyo miaka, angeng'ang'ania goti lile lichanike angefika?

Shingo usibishane nayo kabisa, kabali ikikaa vizuri inabana mishipa ya damu pande zote mbili na sekunde kumi haziishi umezima. Kisigino ndo kibaya zaidi, mtu akikusokota kisigino goti linachanika kabla hujasikia maumivu ya maana, kwa hiyo mwaka wa kwanza msiguse kabisa hata kama mmeiona Yutubu. Na usiwajaribie wadogo zako nyumbani, hawajui kugonga wale.

Mwenzio asiyeachia ukigonga, usirudi naye tena hata awe rafiki yako wa Ujiji tangu chekechea.

Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi tupo mchangani. Kata kucha, njoo na kaptula isiyo na zipu.