Thabai: namna ya kuichuma na kuipika bila kujuta

Mtu wa pwani akisikia neno upupu hukumbuka mmea utambaao wenye maganda ya manyoya, lakini kwetu Kinangop, chini ya Milima ya Aberdare na zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wengi huita hivyo thabai, ambayo wataalamu wa mimea huijua kama Urtica massaica. Ni mboga ya mwituni ya nyanda za baridi, yenye vinyweleo vinavyowasha ukivigusa. Huko kwenye milima ya Virunga, mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda, hata sokwe wa milimani huila, tena mbichi.

Kosa langu la kwanza halikuwa kuwashwa, kwa kuwa nilijifunga mifuko mikononi. Nilijaza kikapu majani mapana ya mmea uliokwisha kutoa maua, nikidhani ukubwa wa jani ndio wingi wa chakula, na mukimo, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na mboga, wa jioni ile ukakwaruza meno kana kwamba ulitiwa mchanga. Nyanya alinieleza, kwa ukali kidogo, kwamba thabai huchumwa vilele tu, majani machache ya juu, kabla maua hayajatokeza. Baadaye nilijifunza kwamba jani likikomaa hujenga chembe ngumu za chokaa.

Thabai hupenda udongo wenye mbolea, kwa hiyo utaikuta imestawi kwenye mazizi ya zamani, ila pia karibu na vyoo na kando ya mashamba ya viazi yanayopuliziwa dawa, na huko usichume hata ikionekana laini namna gani. Ndani ya mipaka ya hifadhi usiiguse bila kibali.

Ioshe ukitumia mwiko, kisha uitumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika tano hivi, kwani moto huondoa makali ya vile vinyweleo. Ponda pamoja na viazi, mahindi na maharagwe, na maji yake uyatie kwenye supu badala ya kuyamwaga. Ukitaka akiba, ikaushe kivulini, uisage, uchanganye kijiko kimoja na unga wa uji. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza, maana mboga hii ina vitamini K nyingi.

Wazee walijichapa viungo vinavyouma kwa majani mabichi, na nyanya alifanya hivyo kila msimu wa baridi. Mimi goti likinisumbua hunywa supu.