Lala Humo Kwanza: kwa mnaoanza kazi ya kukarabati vyumba vya hoteli

Mama mmoja wa makamo alishuka Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, akaletwa hotelini kwetu hapa Moshi mchana. Jana yake alfajiri alikuwa amesimama kileleni Uhuru, mita 5,895, na siku hiyohiyo akateremka zaidi ya mita 2,500 hadi kambini. Aliyewahi kupanda anajua kwamba kupanda hukata pumzi, ila kinachomaliza magoti ni kuteremka. Nilimsindikiza mwenyewe hadi chumbani, maana kilikuwa chumba kipya, kimetoka kwenye ukarabati wiki mbili tu, na nilikuwa nakionea fahari. Sijafika hata mapokezi nikasikia kishindo.

Pale mtu anapotoka chumbani kuingia bafuni, fundi alikuwa ameacha kipandio cha sentimita 12. Tailizi za juu na za chini zilikuwa za kijivu kilekile. Hakukiona. Nilimkuta amekaa sakafuni ameshika kifundo cha mguu, mguu ule aliokuwa ameutunza siku saba kwenye mawe na matope, akaja kuuteguza bafuni kwetu. Na yeye ndiye aliyeniomba radhi, eti hakuangalia anapokanyaga. Nilimfunga barafu kwenye taulo, nikamwambia pole mama, lakini moyoni nilijua kosa lilikuwa limebandikwa na saruji na kulipwa tayari.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza: mafundi tailizi, mafundi umeme, maseremala, vijana mliosomea ubunifu wa ndani, na hata wewe uliyepewa usimamizi wa kazi mwaka huu kwa mara ya kwanza. Mimi si fundi. Nimesimamia usafi wa vyumba miaka 14, na katika miaka hiyo nimepitia ukarabati mara tatu. Fundi akishalipwa huondoka, sisi tunabaki na chumba, na mgeni analala humo. Ninachowaomba ni kimoja: kabla hujakabidhi chumba, lala humo usiku mmoja. Usiishie kukikagua mchana ukiwa na viatu na karatasi mkononi. Oga humo, chaji simu yako, zima taa, kisha amka saa nane usiku uende chooni ukipapasa.

Bafu ndilo linalonisumbua kuliko yote, basi nianze hapo. Katika ukarabati wa kwanza vyumba vinne kati ya tisa vilikuwa na sakafu iliyolalia upande usiofaa. Mgeni akioga, maji yanaliacha tundu lake, yanapita chini ya mlango na kuelekea kitandani. Dada zetu wa usafi walikuwa wanakunja taulo tatu kila asubuhi kuziba pale mlangoni. Taulo hizo huliwa na maji, hutiwa madoa na grauti, ile saruji ya kujazia kati ya tailizi, na baada ya miezi michache zinakuwa matambara. Tajiri akiona matumizi ya taulo yamepanda anauliza watu wa usafi, hamuulizi aliyelaza sakafu.

Sakafu ya sehemu ya kuogea inataka mwinamo wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu, kutoka kila kona. Njia yangu ya kupima ni gololi ya watoto. Iweke kwenye kona, iachie. Ikienda kwenye tundu, sawa. Ikisimama katikati, hapo ndipo maji yatakapotuama na utelezi utakapoota. Na hili lifanyike tailizi zikiwa zimepangwa tu, kabla hazijagandishwa. Kabla ya tailizi kuna jambo jingine ambalo mafundi wenye haraka huliruka: dawa ya kuzuia maji. Paka sakafuni na upandishe ukutani, iache ikauke, kisha ziba tundu, jaza maji, uache saa 24 ukiangalia dari ya chumba cha chini. Siku moja ya kusubiri inaonekana ndefu mwenye hoteli akikupigia simu kila saa. Kuvunja bafu zima baadaye ni wiki, na chumba cha chini nacho kinafungwa.

Halafu koki. Tafadhali sana, usiiweke koki chini ya shawa yenyewe. Mgeni anayetaka kufungulia maji analazimika kusimama pale yatakapomwagikia, na maji ya mwanzo ni ya baridi kwa sababu yalikuwa yamelala kwenye bomba. Mwezi wa saba asubuhi, hapa Moshi unatetemeka, sembuse Arusha iliyo juu zaidi. Iweke karibu na pa kuingilia, mkono uifikie mwili ukiwa mkavu.

Na zile shawa pana kama sinia, zinazopendwa kwenye picha. Ni nzuri, lakini uliza kwanza maji yanatoka wapi. Kila mita 10 za kimo kati ya simtanki na shawa zinakupa takribani ba 1 ya msukumo (ba ni kipimo cha nguvu ya maji). Simtanki lililo juu ya paa, mita tatu tu juu ya kichwa cha mgeni, linakupa kama ba 0.3. Maji hayo yakigawanywa kwenye matundu mia mbili ya sinia yanadondoka kama mvua ya manyunyu. Mtu mwenye nywele ndefu na vumbi la wiki nzima la mlimani atasimama pale nusu saa povu haliishi. Ama uweke pampu, ama ufunge shawa ndogo ya kawaida inayotoa maji kwa nguvu. Mimi ningechagua ndogo bila kufikiri mara mbili.

Kwenye umeme, mfikirie mgeni wa Moshi ni nani. Ametoka wiki nzima mahali pasipo soketi. Ana simu, kamera, betri, taa ya kichwani, na mwenzake naye ana vyake. Katika chumba chetu kipya soketi zilikuwa mbili: moja nyuma ya televisheni, nyingine nyuma ya ubao wa kichwani wa kitanda, ambako huwezi kuifikia mpaka usukume kitanda cha sita kwa sita. Ilikuwa kawaida kukuta wageni wamekaa sakafuni koridoni, simu mapajani, wamechomeka kwenye soketi ya mashine ya usafi. Inauma kuona mtu aliyelipia chumba anakaa koridoni. Weka soketi pande zote mbili za kitanda, juu ya kimeza, na nyingine juu ya meza ya kuandikia. Kumbuka kwamba soketi zetu ni za pini tatu bapa, volti 230, na wageni wengi wa Ulaya wanakuja na pini mbili za mviringo, kwa hiyo acha nafasi ya adapta kukaa bila kugonga ukuta au kimeza.

Ile swichi ya kadi mlangoni, inayozima umeme wote mgeni akitoka, nayo iangalie vizuri. Inaokoa umeme, sikatai. Lakini mgeni anaacha betri zikichaji, anaenda kula, anarudi zimebaki vilevile. Wakishagundua, wanachomeka kadi yoyote waliyo nayo, na taa zinawaka mchana kutwa. Mwambie fundi umeme aitoe laini ya soketi moja au mbili nje ya kadi. Ni waya mchache sana kama umekumbuka kabla ya plasta.

Na swichi ya taa iwepo kitandani. Hili sina haja ya kulieleza.

Pangaboi na neti vilitugombanisha vibaya. Mbunifu alishusha dari ya jipsamu ili afiche nyaya na kuweka taa za pembeni. Chumba kikapendeza. Ila pangaboi nayo ikashuka pamoja na dari, na neti ya duara ikawa inaning'inia jirani na mapanga yake. Januari na Februari hapa hulali bila pangaboi, na bila neti mbu hawakuachi. Wageni wakawa wanachagua kimoja. Juu ya hayo, ndoano za neti zilikuwa zimekomewa kwenye jipsamu tupu, hazikushika mbao wala chuma chochote, na usiku mmoja neti ikamwangukia mzee wa watu usingizini na vipande vya dari juu yake. Kabla ya kufunga dari, amua neti itaning'inia wapi, weka mbao pale, piga picha kwa simu na uandike vipimo. Dari ikishafungwa hakuna atakayekumbuka mbao iko wapi.

Kuna jambo nilisita kuliandika, lakini nitaliandika. Ukuta wa kioo kati ya choo na vitanda usiuweke. Wanaopanda mlima hulala wawiliwawili chumba kimoja, na mara nyingi si mke na mume. Ni baba na binti yake, ni wafanyakazi wa ofisi moja, ni watu waliokutana wiki iliyopita tu. Nimeona binti akishuka kila mara kutumia choo cha mapokezi kwa sababu baba yake yuko chumbani. Jenga ukuta wa tofali, uweke na mlango unaofungika.

Sasa wakati wa kazi. Huku kwetu hoteli nyingi hukarabatiwa Aprili na Mei, kwa kuwa wageni ni wachache. Lakini wageni ni wachache kwa sababu ni masika. Plasta haikauki, hewa ina unyevu, na mwenye hoteli tayari ameshauza vyumba vya Juni. Rangi inapakwa juu ya ukuta mbichi. Ikifika Julai inavimba kama ngozi iliyoungua, unaibonyeza kwa kidole inapasuka. Nawashauri kazi za kubomoa, mabomba na nyaya zitangulie mapema, plasta ipate kama siku 28, na rangi iwe ya mwisho kabisa. Ukitaka kujua kama ukuta umekauka, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, usifungue kopo la rangi, hata akikugombeza nani.

Dirisha nalo: luva, vile vioo vyembamba vya kupindua, zikitolewa ukaweka aluminiamu ya kusukuma pembeni, umepoteza nusu ya hewa, kwa sababu kioo kimoja hufunika kingine. Na kama dirisha linatazama Kilimanjaro, usiliwekee kabati mbele. Mlima huonekana vizuri alfajiri kabla ya mawingu kupanda, na kuna watu wanaamka saa kumi na mbili kwa ajili hiyo tu.

Waulizeni pia dada wa usafi kabla ya kuchora chochote. Hawa ndio wanaojua kwamba kitanda kilichoinuliwa sentimita kumi hakipitishi fagio, na kwamba mabegi mawili makubwa ya mlimani, kila moja kilo 15 hivi, yanahitaji mahali pa kufunguliwa bila kuziba njia ya chooni. Katika ukarabati wa kwanza na wa pili hakuna aliyewauliza.

Mara ya tatu nilimwomba meneja chumba kimoja kimalizwe kabla ya vingine, na mafundi walale humo kwa zamu. Walicheka, lakini fundi umeme, kijana wa Kibosho, alikubali kuanza. Asubuhi alikuja ofisini kwangu macho mekundu.

"Shikamoo mama. Sijalala. Ile pampu ya maji iko ukutani nyuma ya kichwa changu. Kila mtu akifungua bomba, inaunguruma, nashtuka."

"Na lingine?"

"Nimejigonga goti kwenye meza mara mbili nikitafuta swichi."

Nilimmiminia chai. Alikunywa akiwa amesimama, akaomba chaki, akapanda juu na kuanza kuchora misalaba ukutani kwenye vyumba vinane vilivyobaki, pale ambapo soketi na swichi zingehama.